Jina Nililolikosea

Nilianza kazi ya ualimu mwaka 1972, nikastaafu mwaka 2011. Katika miaka hiyo thelathini na tisa nimeandika majina ya watoto katika madaftari ya shule mara nyingi mno, hata leo katika uzee huu mkono wangu ukishika kalamu huanza wenyewe kuchora mistari ya mahudhurio. Wengi wa watoto hao sasa ni watu wazima wenye wajukuu. Baadhi wametangulia mbele ya haki. Jina moja kati ya hayo nililikosea. Nililikosea mwezi Januari 1996, hapa hapa Sindeni, na kosa lile lilikaa kimya miaka ishirini, kisha likaamka na kudai malipo. Nataka kumsimulia msomaji habari zake, pamoja na historia ndefu iliyo nyuma yake, maana nimekuja kutambua kwamba kosa langu lilikuwa tawi dogo tu la mti mkubwa.

Siku ile baba mmoja alikuja ofisini na binti yake wa miaka saba. Mkononi alishika kadi ya kliniki iliyochakaa kwa mvua. Alinitajia jina la mtoto, jina la Kizigua alilopewa na bibi mzaa baba, lenye kukumbusha mwaka wa mvua haba. Akanitajia na jina la babu. Mimi mwalimu mkuu, niliyetoka chuo cha ualimu na cheti cha Daraja la Tatu A, niliona jina lile halijakaa sawa. Nikalinyoosha. Nilibadili herufi moja ili lifanane na Kiswahili cha vitabuni, na kwa kuwa nafasi ya daftari ilikuwa finyu, jina la babu nikaliacha. Yule baba alinitazama nikiandika, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Hakujua kusoma, nami sikumsomea nilichoandika. Jina lenyewe sitalitaja hapa, kwa kuwa ni mali ya mwenyewe.

Binti yule alisoma. Mwaka 2003 aliingia sekondari, mwaka 2009 akamaliza kidato cha sita na kuanza masomo ya udaktari, na mwaka 2014 akahitimu. Alifanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akasajiliwa, akaajiriwa hospitalini. Kijiji kizima kilimwita "daktari wetu", na kwa haki, maana madarasa aliyoanzia yalijengwa kwa matofali tuliyoyafyatua na kuyachoma wenyewe.

Jioni moja ya mwaka 2016 alifika nyumbani kwangu. Akanisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akakaa kwenye kigoda, akatandaza karatasi zake juu ya mkeka. Cheti cha kuzaliwa kilipatikana akiwa mtu mzima, mwaka 2009, kwa ajili ya maombi ya mkopo wa chuo. Baba yake ndiye aliyekifuatilia, na jina alilotoa ni lile alilolijua yeye. Pasipoti ikafuata cheti cha kuzaliwa. Lakini vyeti vyote vya masomo, kuanzia darasa la saba hadi shahada ya udaktari, vilifuata daftari la shule. Kwa damu alikuwa mtu mmoja, kwa karatasi alikuwa wawili.

Nikauliza kwa ukali wa kizee, "Nani aliyeandika hivi?"

Akainamisha macho. "Daftari lilikuwa lako, Mwalimu."

Sikuwa na la kusema. Nikamwita mama watoto alete chai.

Kilichomleta kilikuwa ni hiki. Alitaka kwenda Marekani kusomea ubingwa wa magonjwa ya ndani. Huko shahada ya udaktari peke yake haimruhusu mtu kutibu. Sharti kwanza aingie hospitalini na kufanya kazi chini ya mabingwa kwa miaka kadhaa. Kwa magonjwa ya ndani ni miaka mitatu, kwa upasuaji ni mitano au zaidi. Mtu wa namna hiyo humwita daktari mkaazi. Jina hilo lilienea kutoka hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889, ambako madaktari vijana kweli walikaa na kulala humo humo hospitalini wakijifunza chini ya wakubwa wao, miongoni mwao William Osler.

Sisi watu wa Handeni hatuwezi kuona ajabu katika jambo hilo. Waganga wetu wa jadi wamejulikana mbali, na mwanafunzi wa uganga hakusoma kwa kuhudhuria asubuhi na kurudi kwao jioni. Alihamia kwa mwalimu wake, akachimba mizizi, akabeba, akatazama, akanyamaza, mpaka siku alipokabidhiwa mkoba. Hata sisi walimu tulikuwa na mazoezi ya kufundisha, mkufunzi amekaa nyuma ya darasa na daftari lake, na jasho linakutiririka mgongoni. Kila kazi inayoshika maisha ya watu ina mlango wa namna hii. Swali ni nani anayeshika ufunguo, na kwa nini akuamini.

Hapo ndipo historia inapoingia. Shahada haipiti mipaka kwa miguu yake yenyewe. Cheti ni ushahidi, na ushahidi hupokewa kwa kadiri shahidi anavyojulikana. Chukua mfano wa Makerere. Ilianza mwaka 1922, na baada ya muda mfupi vijana wakaanza kufundishwa utabibu katika hospitali ya Mulago. Kwa muda mrefu ndiko walikokwenda na vijana wa Tanganyika, maana kwetu hakukuwa na chuo cha madaktari. Walisoma kwa miaka mingi na kwa mitihani migumu, lakini walipohitimu walipewa cheo cha wasaidizi. Walitibu, walipasua, walizalisha, ila mbele ya sheria walisimama nyuma ya daktari aliyetoka Uingereza, hata kama huyo alikuwa mgeni wa wiki mbili asiyejua homa zetu. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya hamsini ndipo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza lilipoitambua sifa ya Makerere kuwa inatosha. Je, usiku ule wa kutambuliwa mikono ya madaktari wale ilibadilika? La hasha. Kilichobadilika ni kwamba shahidi wao sasa alisadikiwa.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961 walituachia madaktari kumi na wawili na wahandisi wawili. Mwaka 1963 ikaanzishwa Shule ya Udaktari Dar es Salaam, na mwaka 1968 ikapandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu. Ndiyo asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili cha leo, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007. Wengine walipelekwa Urusi, Ujerumani ya Mashariki na kwingineko. Nasi tulijifunza kushika ufunguo. Baraza letu la Madaktari huwapima waliosoma nje kabla ya kuwasajili, wawe Watanzania au wageni, na sijasikia mwananchi akilalamika. Kwa hiyo yule binti aliponiambia kwa uchungu, "Mwalimu, wanataka nianze upya kama vile sijasoma," nilimwambia asikasirike haraka. Hata Wamarekani hawakuanza kwa kuwashuku wageni. Walianza kwa kushuku vyuo vyao wenyewe.

Mwaka 1910 ilitoka ripoti ya mtu aitwaye Abraham Flexner. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu mwenzetu, aliyewahi kuwa na shule yake mjini Louisville. Alizunguka vyuo 155 vya udaktari vya Marekani na Kanada. Vingine alivikuta havina maabara wala wagonjwa wa kujifunzia, na vinapokea yeyote mwenye ada. Baada ya ripoti ile vyuo vingi vilifungwa, na udaktari wa Marekani ukasimama juu ya msingi mpya. Lakini fagio lile halikufagia taka peke yake. Kati ya vyuo saba vilivyofundisha madaktari weusi vilibaki viwili, Howard na Meharry, na kwa miaka mingi watu weusi wa nchi ile walikosa madaktari wao. Kipimo kinaweza kuwa cha haki na bado kikaumiza. Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani analijua hilo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hospitali za Marekani ziliongeza nafasi za wakaazi kupita idadi ya wahitimu wa nchi, na madaktari wa nje wakaanza kumiminika. Mwaka 1956 ikaundwa tume ya kuwapima, ijulikanayo kwa herufi ECFMG, na mtihani wake wa kwanza ukafanyika Machi 1958. Mtihani huo ulibadilishwa mara kadhaa, hata mwaka 1992 ukaanzishwa mtihani mmoja kwa wote, wenyeji na wageni, karatasi moja na maswali mamoja. Naliona hilo kuwa jambo la heshima. Ni tofauti na kumpa mgeni mtihani wake wa uani.

Binti yetu aliufanya mtihani huo kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ilihusu sayansi ya msingi: maswali yasiyozidi 280 kwa siku moja ya saa nane mbele ya kompyuta. Aliusomea usiku, baada ya zamu, kwa zaidi ya mwaka. Enzi hizo matokeo yalitolewa kwa alama, na hospitali zilichagua watu kwa alama hizo. Tangu Januari 2022 hutolewa kufaulu au kufeli tu. Ngazi ya pili ilihusu tiba, siku nyingine ya saa tisa. Halafu ulikuwapo mtihani wa kuonana na mgonjwa, uliofanyika katika miji mitano tu, yote nchini Marekani, kwa ada ya zaidi ya dola 1,500 bila nauli. Mtihani huo ulisimamishwa mwaka 2020 na kufutwa kabisa Januari 2021, lakini yeye aliukuta. Wagonjwa walikuwa watu wa kuigiza, kumi na wawili, kila mmoja kwa dakika kumi na tano.

Alikuja kufanya mazoezi kwangu, mimi nikiwa mgonjwa. Alibisha hodi, akanawa mikono, akaanza kunihoji huku akinikazia macho. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona unanitazama hivyo?" Akacheka. "Kule, Mwalimu, usipomtazama mtu machoni wanasema unamficha jambo." Kwetu mtoto anayemkazia mzee macho amekosa malezi. Kisha nikaanza kumpokea salamu kwa utaratibu wetu, hali yako, hali ya wazee, hali ya shamba, mvua. Alipotazama saa dakika sita zilikuwa zimekwisha. Tulicheka sana siku ile, lakini nilielewa kwamba kinachopimwa kule si elimu ya dawa peke yake. Ni kujua adabu ya nyumba ya watu.

Kuhusu jina, hapo ndipo nilipolipa. Tume ile haipokei nakala ya cheti mkononi mwa mwenyewe na kuiamini. Huiandikia barua shule ya udaktari iliyokitoa, na afisa ambaye sahihi yake inajulikana hujibu moja kwa moja. Tena jina la kwenye shahada sharti lilingane na la pasipoti, au patolewe hati inayoeleza tofauti. Barua moja ililala katika ofisi fulani kwa miezi. Tukashauriana tubadili nini. Vyeti vya mitihani ya taifa vilikuwa vingi, na kila kimoja kilishikamana na mwenzake. Mwanasheria akasema ni rahisi kubadili mtu kuliko kubadili vyeti. Alifanya hati ya kubadili jina, ikasajiliwa, na pasipoti ikatolewa upya. Mimi nilikwenda Handeni mjini kula kiapo kwamba mtu wa majina mawili ni mmoja, na kwamba tofauti ilitokana na mkono wangu. Nilipotia sahihi, mkono ulitetemeka. Kwa hiyo msomaji aelewe: kosa halikusahihishwa. Kosa lilishinda. Jina la bibi yake, lililobeba habari za mwaka wa mvua haba, liliondoka kwenye karatasi zote, na yeye akachukua jina nililolitunga mimi ofisini kwa dakika moja. Baba yake nilimwendea, nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sisi tutaendelea kumwita tulivyomwita."

Ukisha kufaulu, bado hujaingia. Tangu mwaka 1952 wanao utaratibu wa kuoanisha, ambao mimi naufananisha na posa. Daktari huomba hospitali nyingi kuanzia Septemba, huitwa kwa mahojiano, kisha huandika orodha ya anazozipenda. Hospitali nazo huandika orodha ya madaktari. Mshenga ni kompyuta. Wiki ya tatu ya Machi majibu hutoka siku moja kwa nchi nzima. Katika miaka ya karibuni, wahitimu wa nje wasio raia wa Marekani wanaopata nafasi ni karibu sita kati ya kila kumi. Waliobaki wamefaulu mitihani yote na bado hawana mlango. Machi 2019 binti yetu alikuwa miongoni mwa hao. Alinipigia simu, hakusema neno, nami nikajua. Nilimwambia nilichowaambia wanafunzi wangu siku zote, kwamba darasa kurudia si aibu. Baada ya kuikata simu niliona maneno hayo ni mepesi kwa anayeyasema. Aliomba tena, na Machi 2020 akapata. Wiki ile ile balozi za Marekani zilisimamisha utoaji wa viza kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kisha siku chache baadaye zikatangaza kwamba madaktari waliokwisha kupata nafasi watashughulikiwa. Alifika kazini kwa kuchelewa, akapokelewa na wodi zilizojaa.

Kuna karatasi moja ambayo sikuitaja. Daktari wa nje anayekwenda kwa viza ya mafunzo hupaswa kupata barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake, isemayo kwamba nchi inahitaji utaalamu ule na kwamba mhusika ameahidi kurudi. Sheria ya Marekani humtaka akimaliza arudi kwao kwa miaka miwili kabla ya kuomba kuhamia. Lakini tangu mwaka 1994 upo mlango wa pembeni, uliofunguliwa na sheria yenye jina la Seneta Kent Conrad wa North Dakota: daktari husamehewa kurudi iwapo atatumikia miaka mitatu katika sehemu ya Marekani isiyo na madaktari wa kutosha. Nilishangaa kusikia kwamba nchi ile nayo ina Sindeni zake, mahali ambapo mgonjwa hupelekwa mbali na wenyeji husubiri daktari asiyekuja.

Alipomaliza mwaka 2023 alichagua mlango huo. Alinipigia kunieleza kabla ya kumwambia mtu mwingine, na mwishoni akauliza, "Mwalimu, nimekosea?" Nilimwambia kwamba mgonjwa ni mgonjwa popote alipo. Nilisema kweli, ila si kweli yote. Majirani huniuliza kila mara, "Daktari wetu anarudi lini?" Mzee mmoja aliyechoma matofali pamoja nami alisema barazani, "Tulijenga nyumba, wakahamia wengine." Hakusema kwa hasira, na sikuweza kumjibu. Fedha anazotuma zimesomesha wadogo zake na kumtibu baba yake. Hata hivyo fedha haishiki mshipa wa mgonjwa usiku wa manane. Nami ndiye niliyekula kiapo ili aende. Ningeombwa leo, ningekula tena, kwa sababu mtoto si tofali la kijiji. Lakini nisingemficha mzee yule kwamba deni lipo.

Nimefikiri sana juu ya hao wanaoshika ufunguo, wa Uingereza, wa Marekani na wa kwetu. Zamani nilidhani kutiliwa shaka ni kudharauliwa tu. Siku nyingine ni hivyo, kama ilivyokuwa kwa wale wasaidizi wa Makerere. Siku nyingine ni swali la haki: nani anakushuhudia? Na ushahidi huo hauanzi chuo kikuu. Unaanza Januari, mbele ya mwalimu mwenye kalamu na mzazi asiyejua kusoma.

Kwa hiyo, kila mwaka wakati wa kuandikisha darasa la kwanza, mwalimu mkuu wa sasa, ambaye nilimfundisha, huniruhusu kukaa kwenye benchi nje ya ofisi yake. Sina kazi ila moja. Mtoto akisha kuandikwa, namwomba mwalimu asome jina lote kwa sauti, herufi kwa herufi, na mzazi aitikie kama ndilo. Wengine huona ni utani wa mzee aliyekosa shughuli. Januari iliyopita mama mmoja aliitikia, "Siyo, Mwalimu. Umeruka jina la babu yake." Mwalimu akachukua kalamu, akaliongeza pembeni, pale penye nafasi finyu. Nafasi ilitosha.